Vidonge Nilivyoviacha Kwenye Bonde la Ruvubu

Nilisema ndiyo nikiwa nimekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba yangu, Gishubi, katika mwezi wa nne wa vidonge vyangu vya kifua kikuu. Ilikuwa imebaki miezi miwili nimalize. Nataka msomaji aijue hesabu hiyo tangu mwanzo: miezi miwili tu.

Aliyekuja kuniuliza ni binti mmoja aitwaye Divine. Yeye na wenzake wachache wa Gitega walitaka kuleta wageni wanaoendesha baiskeli kwa raha, kwa kuangalia mandhari, si kwa kubeba ndizi kama tulivyofanya sisi. Nilikuwa nimepita bonde lile kwa baiskeli tangu niliporudi kutoka Tanzania nikiwa bado kijana, nikipeleka bidhaa Muyinga na kurudi na nyingine. Hakuna mwinuko wa njia ile ambao paja langu halikuujua.

"Mzee, kila ninayemuuliza ananitajia jina lako," Divine alisema, daftari likiwa mapajani. "Bon, nataka unionyeshe zile njia za kando ya mto. Mahali pazuri, mahali pa kupumzika, mahali breki inaweza kumtesa mgeni. Tutaandika yote, donc hata mtu asiyejua Kirundi hatapotea."

Mke wangu Spesi alikuwa anachambua maharage hatua tatu kutoka kwetu. Aliacha kuchambua, akaniangalia.

Ningeweza kusema, "Binti, ninatibiwa. Rudi baada ya miezi miwili." Divine angerudi, nina hakika. Lakini nilikuwa nimekaa miezi mingi kama kitu kilichowekwa kando. Mtu alikuwa amekuja kwa miguu kutafuta kile ninachokijua, akaniita fundi wa njia. Nikajinyoosha kwenye kigoda na kusema, "Tuanze lini?"

Spesi akarudi kwenye maharage yake.

Ninaandika haya kwa ajili ya mtu aliye katikati ya vidonge, anayejisikia mzima, na ambaye kuna mtu amekuja kumwita barabarani.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa umenianza kama unavyowaanza wengi. Kikohozi cha wiki mbili, kisha cha miezi miwili. Jasho la usingizini. Suruali iliyokuwa inanibana ikaanza kuhitaji kamba. Nilikaa kwenye benchi la kituo cha afya, lile lililowekwa nje chini ya mkaratusi, peke yake, mbali na mabenchi mengine, na kila aliyepita alijua kwa nini limewekwa mbali. Nilipewa kopo dogo nikohoe ndani yake nyuma ya choo. Siku tatu baadaye muuguzi Odeta aliniita ndani, akafunga mlango, akaniambia jina la ugonjwa kwa sauti ya chini. Kwa Kirundi tunauita igituntu. Ukitajwa kilimani kwetu, watu wanaongeza mengine wenyewe: kwamba una ule ugonjwa mwingine mkubwa, kwamba ulitembea ovyo ulipokuwa safarini, kwamba vyombo vyako vitengwe.

Nilimwambia Spesi peke yake. Kwa wengine nilisema ni mapafu, vumbi la miaka mingi.

"Na Melkiori?" aliniuliza. Melkiori ni mdogo wake, kaka pekee aliyebaki kwake, mkulima wa Gashoho, upande wa Muyinga.

"Hasa Melkiori," nilijibu. "Nyumbani kwenu wasijue."

Nilikuwa mkwe aliyeheshimiwa kule. Nilipofika na baiskeli yangu, watu waliitwa waje kunisalimia. Sikutaka heshima ile iguswe.

Vidonge vilinirudisha. Mwezi wa kwanza nilimeza mbele ya Odeta kila asubuhi, akiniangalia mpaka koo lishuke. Vilinigeuza mkojo ukawa rangi ya machungwa, karibu na damu, na hata jasho lilitia doa kwenye kola. Odeta alinionya mapema nisishtuke. Mwezi wa pili nilianza kula. Mwezi wa tatu nililima mstari mmoja wa viazi bila kukaa chini. Mwezi wa nne nilikuwa na nguvu kuliko mwaka uliotangulia, na hapo ndipo Divine alipokuja.

Nilikwenda kumuaga Odeta. Hakukataa nisafiri. Alinipa vidonge vya siku kumi na barua.

"Mzee wangu, vikiisha, mpe muuguzi wa Gashoho hii barua. Ataendelea kukupa kule kule. Usiruke hata siku moja. Hata moja."

Niliikunja barua ile mara nne, nikaiweka kwenye mfuko wa shati. Haikuwahi kufunguliwa na mtu yeyote.

Kiangazi kilikuwa kimeanza. Divine alihitaji pia mtu wa nusu ya pili ya njia, nami nikampendekeza Melkiori. Alikuja Gitega kutupokea na baiskeli yake nzito isiyo na gia, ile ambayo breki yake ya kweli ni kandambili unayoikanyagisha kwenye gurudumu la nyuma. Divine alicheka sana kuona hivyo.

"Hii utaiandika?" Melkiori alimuuliza. "Andika: mgeni alete kandambili mbili, moja ya kuvaa, moja ya breki."

Ningependa msomaji aone bonde lile, maana uzuri wake nao ulinidanganya. Kutoka Gishubi unashuka asubuhi hadi mto Ruvyironza, na ukungu unakuwa umelala juu ya mpunga kiasi kwamba unasikia majembe kabla hujaona watu. Kuna tanuri za matofali zinazotoa moshi kando ya mto, na njia nyembamba ya udongo mwekundu ambayo kiangazi inakuwa ngumu na laini kama sakafu. Unapanda hadi Gitega, unapita sokoni, kisha unashuka mteremko mrefu kuelekea Ruvubu. Upepo unajaa kwenye shati, matete yanafunguka pande zote mbili, na korongo wenye taji wanasimama kwenye majani kama watu wanaosubiri kusalimiwa. Baada ya daraja ni kupanda, kupanda tena, mpaka vilima vya kahawa na Gashoho. Waendesha baiskeli wa kwetu wanapanda pale kwa kushika mkia wa lori kwa mkono mmoja. Divine aliandika kwenye daftari kwa herufi kubwa kwamba hilo wageni wasilifanye.

Nilipanda mwinuko ule bila lori. Nilifika juu napumua vizuri. Nikajiambia: nimepona.

Siku ya kwanza nilikuwa nimemeza vidonge vyangu. Tulipofika juu, tukasimama kwenye shamba la kahawa, na kama wanaume wafanyavyo wakiwa barabarani, Melkiori akajisogeza ukingoni kukojoa, akaniita nikasimame kando yake, mazungumzo yasikatike. Nikakumbuka rangi. Nikamwacha nikatembea mbali, nikapita miti, nikashuka bondeni.

"We muramu!" alinipigia kelele. Muramu ndiyo shemeji kwa Kirundi. Hakuwahi kuniita jina lingine. "Iko unaenda wapi? Unaenda kukojolea Tanzania?"

Divine aligeuka upande mwingine akicheka. Jioni, nyumbani kwake, Melkiori aliwasimulia majirani wote, na ikawa wimbo: muramu anakojolea Tanzania, muramu anatafuta mpaka. Kila tuliposimama njiani waliniangalia nitaenda umbali gani.

Kwa hiyo niliacha vidonge. Sina sababu nyingine kubwa zaidi ya kumpa msomaji. Nilipiga hesabu kwamba siku tatu bila vidonge mkojo utarudi rangi yake, nisimame na wenzangu kama mtu mzima, kisha nikirudi Gishubi nitaendelea. Siku ya nne nilisimama kando ya Melkiori, mkojo wangu mweupe kama wake, nikasikia raha ya ajabu. Paketi ilibaki chini ya mfuko wa baiskeli pamoja na tairi la akiba.

Siku kumi zikawa wiki tatu. Kisha Divine akaleta wageni wa kwanza, kisha wa pili. Kiangazi chote nilikuwa nikienda na kurudi kati ya Gishubi na Gashoho. Odeta alituma watu mara mbili kuniulizia. Spesi aliwaambia kwamba ninapata dawa Gashoho. Mimi ndiye niliyemwambia aseme hivyo. Spesi si mwongo; alisema uongo ule huku ameangalia chini, na baada ya hapo alikaa jikoni mpaka chakula cha jioni.

"Baba Yusta," aliniambia wakati huo, Yusta akiwa binti yetu mkubwa aliyeolewa mbali, "mi naogopa."

"Unaniona ninakohoa?"

"Bado."

Nilianza kukohoa mpunga ulipokuwa umeshavunwa na barabara zimekuwa vumbi tupu. Nikasema ni vumbi. Gashoho nililala chumba kimoja na Melkiori, kitanda kwa kitanda, mkewe na watoto wakilala cha pili; kilikuwa chumba chenye dirisha dogo alilolifunga kwa ubao kwa sababu ya baridi ya milimani. Jioni tulikaa kwa jirani yake, mjane mmoja aitwaye Konsolata, aliyepika pombe ya mtama iliyosifiwa kilima kizima. Kwetu chungu kinawekwa katikati, na mrija mmoja unapita kutoka mdomo hadi mdomo. Kuukataa mrija ni kutangaza kwamba unamshuku mwenye chungu kuwa amekitia sumu, au kwamba wewe mwenyewe una kitu. Sikuukataa. Baadaye Odeta aliniambia si mrija ulioleta maafa bali kile chumba kilichofungwa na kikohozi changu ndani yake. Haikunipunguzia kitu. Chumba kilikuwa cha mtu aliyenipa kitanda kizuri, yeye akalala kwenye kile chenye ubao uliopasuka.

Mvua za kwanza zilinikuta kwenye mteremko wa Ruvubu na wageni wawili nyuma yangu. Nilikohoa, nikaona usukani wa baiskeli umelowa damu. Nilikaa kwenye tope, nikaegemea gurudumu. Divine alisimamisha gari la mboga likanipeleka Gitega.

Kutoka hapo nikarudishwa Gishubi. Benchi tena. Kopo tena. Safari hii majibu yalikuja na watu wawili ambao sikuwajua, na Odeta nyuma yao, macho yake mekundu. Waliniambia ugonjwa umezoea zile dawa, hazitauua tena. Nitapelekwa hospitali nyingine, mbali kidogo, na dawa nyingine, miezi mingi.

Odeta hakunigombeza. Alikaa, akatoa karatasi na kalamu.

"Andika wote uliolala nao chumba kimoja. Wote, mzee wangu. Lazima wapimwe."

Niliandika Spesi. Niliandika Divine, ingawa yeye alikuwa akilala kwenye nyumba ya wageni, kwa sababu nilitaka orodha ionekane ndefu. Kalamu ikasimama. Niliona jinsi itakavyokuwa: muuguzi wa Gashoho anapanda kilima na koti lake jeupe, anauliza nyumba ya Melkiori, watoto wanamfuata, na kabla jua halijazama kilima kizima kinajua muramu alileta nini.

"Ni hao tu?" Odeta aliuliza.

"Ni hao."

Msomaji, kama utakuja kupewa karatasi ile, andika. Andika hata jina la mtu unayemwogopa zaidi kuliko kifo. Aibu inaisha baada ya mwezi mmoja.

Spesi alipimwa, akakutwa hana kitu. Divine pia. Nilimshukuru Mungu kwa hilo, na nilipokuwa ninashukuru nilijua ni jina gani sikulitaja. Divine aliamini Melkiori ameshaitwa. Spesi naye aliamini hivyo. Nilimwambia wenye kazi hiyo watapita Gashoho.

Hospitali ile ilijengwa juu ya kilima ili upepo upite. Madirisha hayakufungwa hata wakati wa mvua, tukalala na kofia vichwani. Maisha yetu yalikuwa nje: mabenchi ya saruji, jua la asubuhi, foleni ya vidonge. Dawa mpya zilinifanya nitapike kabla sijashuka kitandani. Katika mwezi wa pili ngozi yangu ilianza kugeuka, ikawa nyeusi ya ajabu, kama sufuria iliyokaa juu ya kuni. Jirani yangu wa kitanda, fundi cherehani wa Muyinga, alinichungulia asubuhi moja.

"Mzee, jana uliniaga ukiwa mweupe. Umelala wapi?"

"Jikoni."

"Basi utuletee ugali."

Tulicheka mpaka tukakohoa, na muuguzi akaja kutuambia tucheke polepole. Fundi yule alinishonea mifuko ya kitambaa ya kuvaa miguuni, kwa sababu katika mwezi wa tatu nyayo zangu zilianza kufa. Kwanza zilichoma kama zimekanyaga pilipili, kisha zikanyamaza. Ningeweza kukanyaga jiwe bila kujua. Alishona kwa mkono, polepole, na hakutaka nimshukuru. Kulikuwa na mama mmoja mpishi aliyeniwekea uji pembeni mpaka tumbo litulie. Nilipokea wema huo wote nikijua wanampa mtu wasiyemjua.

Januari, mvua zilipopumzika kidogo, Melkiori alikuja kunitembelea. Alikuwa amepanda baiskeli hadi Gitega, halafu gari. Tuliketi nje karibu na lango, yeye benchi moja, mimi jingine, kama sheria ilivyotaka. Aliniletea ndizi za kuiva na salamu za mkewe Imelda. Alikuwa amekonda. Kabla hajamaliza salamu alikohoa, kikohozi kirefu kinachotoka chini kabisa. Nilikijua kikohozi kile kama ninavyojua sauti ya mnyororo wangu.

"Muramu, we umekuwa mweusi kama sufuria," alisema, akijaribu kucheka.

"Ni dawa. Na wewe? Kikohozi hicho?"

Akasogea mbele, akashusha sauti. "Mi na we, tulilishwa kitu. Nimefikiri sana. Nani anakohoa? Mi na we. Tulikunywa wapi pamoja? Kwa Konsolata. Chungu kimoja, mrija mmoja. Voilà."

"Konsolata?"

"Nimeenda kwa mtu anayejua mambo hayo. Amenipa majani, nimetapika siku mbili. Kitu kimetoka, cheusi. Nimemwambia Konsolata mbele ya watu wote, baada ya misa: we mama umetuua. Sasa hakuna anayekunywa kwake. Hata maji yake hawanywi."

Upepo ulikuwa unapita kati ya mabenchi yetu. Kulikuwa na muuguzi hatua kumi kutoka pale tulipokaa. Nilichotakiwa kufanya ni kuinua mkono na kumwita. Angempima siku ile ile. Alikuwa bado anaweza kuendesha baiskeli. Alikuwa bado anacheka.

Nilisema, "Pole, muramu. Upumzike."

Alinishika mkono kuniaga, akasahau sheria. Nikamwona anashuka kilima, anasimama, anakohoa, anaendelea.

Nilinyamaza miezi mitatu baada ya hapo. Nilikuwa nikimeza vidonge vyangu kwa uaminifu, kila kimoja, na makohozi yangu yakawa safi, na wauguzi wakanisifu kuwa mfano mzuri. Usiniulize niliwezaje. Kila asubuhi niliamka nikisema leo nitamwambia Odeta akija na gari la dawa, na kila mara nilipata sababu: leo ana haraka, leo kuna watu. Nilikuwa nasubiri Melkiori apone mwenyewe.

Aprili, mvua zikiwa kubwa, Spesi alikuja. Viatu vyake vilikuwa tope hadi juu. Hakukaa.

"Melkiori hawezi kusimama," alisema. "Anakohoa damu. Imelda anasema bado anapewa majani ya kutapika. Nimemuuliza, si walikuja kuwapima wote? Anasema hakuna aliyekuja. Hakuna aliyepita Gashoho." Akafuta maji usoni. "Baba Yusta. Uliandika jina lake?"

"Hapana."

"Umesema nini?"

"Sikuliandika."

Nilitegemea atapiga kelele. Alisimama tu pale, maji yakimtoka kwenye kanga, akiniangalia kama mtu anayejaribu kusoma maandishi yaliyofutika. Kisha aligeuka, akaenda moja kwa moja kwa wauguzi, na mimi nikamfuata na miguu yangu isiyosikia ardhi. Nilisema yote mbele yao: vidonge chini ya tairi la akiba, barua iliyokunjwa, uongo niliomtuma mke wangu auseme, karatasi ya Odeta. Waliandika. Gari lilitoka kesho yake kwenda Gashoho.

Melkiori aliletwa akiwa amelala, mwepesi kiasi kwamba vijana wawili walimbeba kwa blanketi bila kubadilishana mikono. Walimweka upande wa pili wa ukumbi wangu. Dawa zilezile, ugonjwa uleule. Daktari alisema ni wangu, umetoka kwangu kwake. Siku nne hakuweza kuongea. Siku ya tano aliniashiria.

Nilikaa kando ya kitanda chake. Nilimwambia kila kitu kwa mpangilio, bila kuficha, hata sababu ya kuacha vidonge. Nilidhani angalau nitaona hasira. Alifumba macho.

"Kwa hiyo Konsolata hakufanya kitu," alisema.

"Hakufanya kitu."

"Nilimtukana mbele ya kanisa. Watoto wake walikuwepo." Alipumua mara kadhaa kabla ya kuendelea. "Mi siwezi kwenda tena. Utaenda we. Utasema pale pale, baada ya misa, watu wakiwa wengi. Usiende kumwambia nyumbani kwake kwa siri."

"Nitasema."

"Na useme ni we. Usiseme ni ugonjwa. Sema ni we."

Hakuongeza neno la kunisamehe, nami sikumwomba. Imelda alikuwa amesimama mlangoni na amesikia. Hajanisalimia tangu siku hiyo.

Alipigana wiki saba. Kuna asubuhi alikunywa uji wote, tukaona labda. Fundi cherehani alimtania kwamba atamshonea suruali ya mtu mnene. Lakini mapafu yake yalikuwa yamebaki vipande, na yale majani ya kutapika yalikuwa yamemaliza nguvu ambayo ingemsaidia. Alifariki Juni, asubuhi, mtama ukiwa unakauka kwenye mashamba, Spesi akiwa amemshika kichwa. Mimi nilikuwa kwenye foleni ya vidonge. Vilikuwa karibu kuisha, nilikuwa ninapona.

Niliruhusiwa kutoka mwishoni mwa kiangazi hicho. Jumapili ya kwanza nilikwenda Gashoho kwa gari, maana siwezi tena kuendesha baiskeli; mguu hauujui ukanyagio uko wapi. Baada ya misa niliomba ruhusa ya kusema. Nilisimama mbele ya watu walionijua kwa miaka yote ya safari zangu, na nikasema jina la ugonjwa, na nikasema ni mimi. Konsolata alikuwa nyuma kabisa, karibu na mlango. Alisikiliza mpaka mwisho, akajifunga kitambaa, akatoka. Wapo walioanza tena kuchota maji kwake. Pombe hajapika mpaka leo. Nilipomfuata kuomba radhi alinijibu bila kusimama: "Uombe kwa Imelda. Mi bado niko hai."

Njia ya bonde inatumika. Divine ameniambia wageni wanaisifu, hasa mteremko wa kuingia Ruvubu asubuhi. Ninafurahi kwa ajili yake, yeye hakukosea. Aliniuliza swali la kawaida, na mimi nilikuwa na jibu la kweli mdomoni.

Kwa wewe uliye kwenye vidonge: kunywa vyote. Mkojo mwekundu ni mkojo tu. Ukisafiri, toa barua. Ukishakosea, kama mimi, sema siku hiyo hiyo, kabla aliyekukaribisha hajaanza kukohoa. Na akishaanza, sema saa hiyo hiyo. Hakuna saa iliyochelewa kuliko ile ninayoijua mimi.

Spesi yuko Gashoho. Alikwenda kumsaidia Imelda na watoto wanne wakati wa msiba, akaniambia atakaa mpaka mavuno, kisha mpaka watoto wafungue shule. Mwezi uliopita alimtuma mtu achukue nguo zake zilizobaki na jembe lake. Hakutuma neno.

Kwa hiyo hii ndiyo gharama ya ndiyo yangu. Melkiori amekufa kwa ugonjwa niliomletea nyumbani kwake na nikanyamaza. Watoto wake wanne hawana baba. Konsolata alipoteza jina lake jema kwa kosa langu. Mke wangu ameniacha, na amefanya haki.